Tini za Nasieku

Simaloi mwanangu,

Salamu sikutumii, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukipigana na zipu ya ule mfuko mkubwa. Hali yako naijua. Umekula vizuri, umemjibu baba yako vibaya mara moja, ukacheka, ukamwomba msamaha. Hali yangu nayo ni njema. Nimekaa jikoni, mlango nimeuegesha, keki iko kwenye oveni, na nitaandika mpaka iive. Ikiiva nitaitoa niendelee. Utaisoma barua hii ukishafika njiani. Usiifungue hapa nyumbani, kwa sababu utakuja kunikumbatia, mimi nitalia, na baba yako akiona machozi hukimbilia nje kuangalia kama tangi lina maji.

Habari za sweta, dawa na nani wa kupigiwa simu ukifika, sitaziandika. Baba yako amezisema tangu Jumatatu na kesho asubuhi atazirudia pale getini. Mimi naandika kwa sababu ya swali lako.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakanda unga, wewe upande wako wa meza na mimi wangu, ukauliza bila kuinua uso: "Mathe, nikifika kwa huyo mama, nitamwita aje?" Nikakuambia uangalie oveni, kuna kitu kinaungua. Ndani ya oveni hakukuwa na kitu. Ulijua, nilijua, tukaendelea kukanda. Hujaniuliza tena, na mimi nimezunguka na swali hilo nyumba nzima. Niliogopa, Simaloi. Unakwenda Illasit kuishi na Nasieku, mama aliyekuzaa, ambaye hujamwona tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni, na mimi niliyekulea nikajiona kama mtu aliyeazimwa mtoto, na sasa mwenyewe amekuja kumchukua. Ndiyo maana nikakutuma kwenye oveni tupu. Leo nataka kukujibu, lakini siwezi kulirusha jibu kama mtu anayerusha funguo. Itabidi nianze mbali kidogo, kwa kuku.

Nilikuja Kitengela kutoka kwetu Kakamega, ambako mvua hunyesha hata usipoihitaji. Hapa nikakuta upepo, vumbi, na udongo mweusi ambao ukilowa unabaki na kiatu chako. Siku ya kwanza nilipoona pundamilia nyuma ya ploti nilimwita baba yako kwa makelele. Akatoka, akawaangalia, akarudi ndani kumalizia chai yake. Nikajua nimeolewa na mtu mtulivu.

Wewe ulikuwa darasa la kwanza. Baba yako alikuita uje unisalimie. Ulikuja polepole, ukasimama mbele yangu, ukainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nangoja mkono, kwa sababu kwetu mtoto hutoa mkono, na mtoto mwenye adabu hukuangalia akiwa anaitika. Nikaona huyu mtoto ana aibu, au amenuna. Nikakushika kidevu, nikakuinua uso, nikasema kwa sauti yangu tamu kabisa, "Usiogope, niangalie." Uliniangalia kama mtu aliyeibiwa. Kisha ukatoka, ukaenda kukaa chini ya ule mti ulio kando ya bomba.

Baba yako alinieleza baadaye, akicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Alikuwa anangoja umguse kichwa. Hiyo ndio salamu yetu. Sasa wewe umemshika kidevu kama mtu wa soko anakagua meno ya mbuzi."

Mimi sikucheka. Kesho yake niliuweka mkono wangu tayari, nikangoja kichwa. Hukukileta. Ulisema "habari ya asubuhi" ukiwa umesimama mbali, na habari hiyo ya mbali iliendelea kwa muda mrefu sana.

Sasa, kuhusu huo mti. Sikuujua. Kwetu kuna mkuyu, mti mkubwa wa kando ya mto, na tunda lake ukilipasua unakuta wadudu wadogo wamejaa, kwa hiyo tuliwaachia ndege na mbuzi. Nilipoona matunda ya mti wenu yana umbo lile lile, nikasema haya nayo ni makuyu tu, tena madogo. Nikawa nayaokota kwa karai na kuwatupia kuku. Msimu mzima kuku wangu walikula tini zilizoiva, ambazo leo wanawake wa hapa Kitengela wananipigia simu wakibembeleza wawekewe. Mayai yalikuwa mazuri, hilo siwezi kukataa.

Sikuishia hapo. Nilitaka mti ukatwe nipate mahali pa kupanda sukuma wiki. Nikamwambia baba yako. Akasema, "Ni Nasieku aliupanda. Mimi sikukatazi. Lakini muulize Simaloi kwanza." Sikukuuliza. Nilisimama dirishani nikakuangalia ukichuma moja, ukaipasua kwa vidole gumba, ukala nyekundu yake ya ndani, ukaliweka ganda juu ya jiwe taratibu. Nikaachana na habari za sukuma wiki.

Kisha siku moja ulinikuta nimebeba karai langu, ukasimama njiani. Ndipo ukaniambia maneno ya kwanza yaliyozidi salamu.

"Hizo si za kuku."

Nikauliza, "Ni za nani?"

"Ni za watu."

Ukaichagua iliyokuwa imelegea shingo, ukaipasua, ukanipa nusu. Nikala nikiwa nimefumba macho kwa hofu ya wadudu. Hakukuwa na mdudu. Kulikuwa na kitu kama asali yenye mbegu ndogo ndogo zinazolia menoni. Nilipofumbua macho ulikuwa unaniangalia kwa makini sana, kama mwalimu anayengoja mtoto mzito aelewe. Mpaka leo nakushukuru kwa nusu ile ya tini.

Kuoka nilikuwa nakujua kidogo. Mama yangu alituokea keki za Krismasi kwenye sufuria, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko. Nikafikiri, basi, hapa nimepata njia ya kuingia. Nitamwokea huyu mtoto kwa tini zake mpaka anipende. Ile ya kwanza, unaikumbuka? Chini ilikuwa mkaa, juu ilikuwa uji. Ulikula ya katikati ukasema asante. Nikaoka nyingine kubwa zaidi, nikaizidisha sukari. Ukasema asante. Nikaoka nyingine, nikaandika jina lako juu kwa sukari ya rangi, na herufi ya mwisho ikakosa nafasi ikateremkia ubavuni. Ukasema asante, kwa sauti ile ile ambayo mtu humwambia karani akishapewa risiti. Nikawa nakwenda nyuma ya nyumba kukasirika peke yangu. Nilikuwa nimeleta keki kama mahari, na msichana hataki.

Nikaingiwa na haraka mpaka kwenye mti wenyewe. Ndege walikuwa wananitangulia kila asubuhi, kwa hiyo nikazichuma tini zikiwa bado ngumu na kijani, nikazipanga dirishani ziivie ndani kama ndizi. Sikujua kwamba tini ikichumwa mbichi haiivi tena. Zilinyauka tu. Na ule utomvu mweupe ukanivaa mikononi, nikawashwa mpaka nikashindwa kushika mwiko. Ulirudi shuleni ukanikuta nimetumbukiza mikono kwenye beseni, naruka ruka, namlaani kila mtu. Ukacheka, Simaloi. Ulicheka ukaketi chini. Kisha ukaenda ukaleta mafuta ya kupikia, ukanipaka kidole kimoja kimoja, ukaniambia, "Maji haitoi. Mafuta ndio inatoa." Nani alikufundisha hujawahi kuniambia, na nadhani ni mti wenyewe.

Nilipokuwa nimenyoosha mikono ile mbele yako ndipo nilipojiona. Nilikuwa nakufanyia wewe vile nilivyofanyia zile tini, nakuvuta kabla ya wakati wako na kukupanga dirishani. Tangu siku hiyo nikaacha kukuangalia usoni baada ya kila kipande cha keki. Nilioka kwa sababu tini zimeiva na kuna watu wa kula. Kama kuna kitu nimekijua kwa jasho langu, ni hicho, na sikukijua mapema kama ningependa.

Halafu kuna ile siku ya Koko. Wewe huisimulia kwa wageni na kuniigiza sauti, lakini kuna upande wake ambao hukuuona, kwa sababu ulikuwa umesimama mlangoni.

Koko, mama wa baba yako, alikuja kutuona akitoka kwa ng'ombe wake huko nje ya mji wa Kajiado, na akaleta maziwa. Unajua maziwa ya Koko. Hayaletwi tu kama unga. Nikataka nimwonyeshe kwamba mwanawe ameoa mtu. Nikayapasha moto, nikaponda tini mbichi kutoka mtini, nikazitia na sukari, ili yapoe yawe kitu laini cha kulia kwa kijiko. Nilipogeuka kuchukua bakuli, maziwa yalikuwa yamekatika. Mabonge huku, maji huku, kama nimekamulia limau. Sikujua kwamba tini ambayo haijapikwa huyakata maziwa. Niliona tu maziwa ya mama mkwe, ya ng'ombe wake mwenyewe, yameharibikia mikononi mwangu, katika nyumba ya Wamaasai.

Wewe uliona kila kitu. Ukaninong'oneza, "Tuseme ni paka amemwaga."

Nilitaka sana kusema ni paka. Lakini uliposema "tuseme", nilishtuka. Ulikuwa umejiweka upande wangu. Ukiwa na mtu upande wako unaweza kubeba hata sufuria ya aibu, kwa hiyo nikaibeba mpaka sebuleni, nikaiweka mbele ya Koko, nikapiga magoti.

Akachungulia. "Uliweka nini?"

"Tini, Koko."

"Za Nasieku?"

Jina hilo lilikuwa halijatajwa mbele yangu na mtu wa ukoo ule isipokuwa baba yako. Nikasema ndiyo, ni za Nasieku. Koko akachovya kidole, akalamba, akafikiri. Halafu akasema, "Imeharibika. Lakini ni tamu. Lete kijiko." Na alipokuwa anakula akaongeza, akimwangalia baba yako, "Kila bibi unaleta kwa hii nyumba, lazima aharibu maziwa yangu kwanza. Nasieku naye alimwaga yote siku ya kwanza."

Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, kichwa chini, na nikasikia mkono wa Koko ukitua katikati ya nywele zangu. Haukukaa sana. Ulitua, ukaondoka, akaendelea kula. Nilipoinuka machozi yalikuwa yananitoka na nikasingizia moshi.

Asubuhi yake ulikuja jikoni ukiwa na sare ya shule, ukasimama mbele yangu, ukainamisha kichwa. Mikono yangu ilikuwa na unga hadi viwiko. Nilikugusa hivyo hivyo, ukaenda shule na alama nyeupe ya vidole kwenye nywele, na mwalimu wako akauliza kama umepakwa dawa. Nakushukuru kwa kichwa kile. Nilikuwa nimekingoja.

Kuniita Mama lilikuwa jambo jingine. Hukuwa na jina la kuniita. Ulikuwa unasema "chakula iko tayari?" kwa hewa, na mimi ndani ya hewa nikaitika. Kwetu wangekwambia uniite mama mdogo, na mtu angekufinya sikio mpaka useme. Nilikatazwa na moyo wangu mwenyewe kukulazimisha, na sijisifu, kwa sababu kuna siku nilikaribia sana kukufinya. Nilikuwa nikisikia watoto wa jirani wakipiga kelele "Mama!" uani kwao, naacha nilichokuwa nakifanya, nasikiliza, kisha narudi kwenye unga wangu. Tena na tena. Hakuna aliyejua. Mwanamke hawezi kwenda kwa jirani akasema nasubiri neno.

Lilikuja Jumamosi, pale mbele ya duka la vifaa vya ujenzi tulipokuwa tukiuza. Tulikuwa na mandazi yaliyojazwa tini, zile tulizopika kwanza na sukari, limau na tangawizi kidogo mpaka zikawa nzito, na biskuti zako zilizopinda. Mimi nilikuwa nimeinama napepea jiko. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya kazi akauma andazi, akasimamisha kutafuna, akauliza, "Hii ni ya nani?"

Ukasema, "Ni ya mama."

Ukaendelea kumfungia mengine kwenye karatasi. Hukuniangalia. Sidhani hata ulijua umesema nini. Mimi nilipepea lile jiko mpaka makaa yakawa majivu, na andazi lililokuwa kwenye mafuta likanyonya mafuta yote, na ukanigombeza. Nimepewa vitu vingi katika maisha haya, mwanangu, na baba yako ni mmoja wao, lakini kitu nilichopewa mbele ya lile duka sijapata kingine cha kufanana nacho. Na hakikusemwa kwangu, kilisemwa kwa mteja.

Miaka ikapita, na ukanizidi. Hilo nalisema bila wivu, au kwa wivu mdogo tu. Ulipoenda kusomea kuoka kule Nairobi ulirudi likizo ya kwanza ukaonja keki yangu, ukaweka uma chini, ukasema, "Mathe, hii sugar ni mob. Tini iko na utamu yake, wachia hiyo ifanye kazi." Nikanuna siku nzima. Jioni nikajaribu kwa nusu ya sukari, nikakuta una haki, nikanuna tena. Halafu ukatufundisha ile ya unga mwembamba, tini zimepangwa juu kama mabati, asali kidogo, chumvi kidogo. Chumvi, kwenye kitu kitamu! Baba yako alikula vipande vitatu akasema bado hajaamua kama anaipenda. Ukatufundisha kuzikausha juu ya bati wakati wa jua kali, ili tuoke hata miezi ambayo mti umelala. Mimi niliyewalisha kuku sasa natunza ganda la mwisho kwa chai. Hizo zote ni asante zako, na sijawahi kuzisema zikiwa zimepangwa pamoja hivi, kwa sababu kila nikianza unasema, "Mathe, wacha drama."

Leo utayasoma ukiwa mbali, kwa hiyo vumilia drama.

Sasa kuhusu Nasieku. Kuna siku ulisema, "Aliniacha tu." Ulikuwa na hasira ya mambo mengine na sikukubishia. Ukweli wote hatukukuficha. Yeye na baba yako walishindwana, wazee wakakaa, wakasema mtoto abaki kwa baba yake, na yeye akarudi kwa watu wake kule chini ya mlima. Hakuulizwa sana. Mimi nimeishi na mti wake miaka yote hii na nimeufikiria. Baba yako anasema alikuja na kijiti kimefungwa kwa kitambaa kilicholowa, akakipanda wakati bomba halijafika, akawa anakinywesha maji ya kuoshea vyombo, wewe ukiwa tumboni. Mti wa tini hauzai kesho. Mtu akipanda kitu kama hicho mlangoni kwake, akiwa na mimba, alikuwa anajiona ameketi pale na mtoto wake, vidole vinanata. Badala yake nikaketi mimi. Nimekula tini za mwanamke mwingine, nimezioka, nimeziuza, nimelea mtoto wake kwa hizo hizo, na kwa miaka mingi kila nilipomfikiria nilikuwa namwogopa kuliko nilivyomshukuru. Nimechelewa kugeuza hilo, lakini nimegeuza.

Wewe unajua alipiga simu kuhusu kile chumba cha duka sokoni Illasit unachokwenda kuokea, kwamba mkate unawafikia ukiwa umeshakuwa mgumu, na kwamba amesikia unajua kuoka. Unadhani alimpigia baba yako. Alinipigia mimi.

Nilipokea namba nisiyoijua. Sauti ikanisalimu, "Takwenya." Nikaitika, "Iko," kama Koko alivyonifundisha. Kisha nikasikia upepo wa huko kwao. Nikajua. Sijui nilijuaje, lakini nilikaa chini kwenye ndoo.

Akauliza, "Ule mti bado uko?"

Nikasema, "Uko. Unazaa sana."

"Hawakuukata."

"Hatukuukata."

Nikaelewa kwamba anauliza mti kwa sababu anaogopa kuuliza kile kingine. Kwa hiyo nikamjibu bila kuulizwa. Nikamwambia umemaliza kozi. Nikamwambia u mrefu kuliko baba yako, una hasira za karibu na kicheko cha karibu, na ukioka unauma ulimi kwa pembeni. Nikamwambia huli ganda la tini, unaliweka kando tangu utotoni. Nilikuwa naongea haraka, kama mtu anayekimbiza gari lisimwache. Nilipomaliza alikuwa analia, bila sauti, lakini mwanamke husikia.

Halafu akanishukuru, "Ashe oleng, Mama Simaloi."

Fikiria. Jina hilo ni lake. Yeye ndiye aliyelipata kwa uchungu wa kuzaa, na kwa desturi yao na yetu sote hakuna anayeweza kumnyang'anya. Akalichukua akanipa mimi kwa simu, na sauti yake ilivunjika katikati lakini akalimaliza. Kisha ndipo akauliza, kwa heshima kubwa, kama unaweza kwenda. Baada ya hapo ningemkatalia kwa mdomo gani?

Keki nimeshaitoa. Imeinuka vizuri na haijaungua, waambie watu. Ni ya Nasieku, si yako, kwa hiyo usiifungue njiani ukionja onja. Nimeifunga kwenye karatasi, nimeizungushia leso yangu ya kijani, na leso nayo abaki nayo. Ni zile tini za mwisho za msimu huu. Mwambie zimetoka kwenye mti wake na kwamba mkono ulikuwa wangu. Asiseme ni nzuri kama si nzuri.

Atakukosea, Simaloi. Nataka uende ukilijua hilo. Atakupikia chakula cha mtoto mdogo, kwa sababu mtoto anayemjua ni mdogo. Atakushika pasipofaa, atasema jambo usilolipenda kuhusu baba yako, au hatasema lolote mpaka udhani hakujali. Mimi nilikukosea nikiwa nakuona kila siku. Yeye ataanza akiwa hajui hata saizi ya kiatu chako. Cheka ukiweza. Ukishindwa kucheka, nenda ukakande kitu, urudi.

Na mimi usinilinde. Nimekuona wiki hii ukilitaja jina lake kwa uangalifu, ukiniangalia kwanza, kama mtu anayepita na maji moto karibu na mtoto. Sina jeraha hapo, mukhana wanje, binti yangu. Nilikuwa na woga, na nimeuandika wote kwenye karatasi hii mpaka umekwisha.

Uliuliza utamwita aje. Mwite Yieyo. Mwite mama, kwa lugha yake, na umwite ukiwa bado mlangoni, mfuko ukiwa begani, kabla hajajua aweke mikono yake wapi. Usingoje umzoee. Usingoje uone kama anastahili. Mimi najua jinsi mwanamke anavyosimama na unga mikononi akisikiliza watoto wa watu wengine wakiita, na ningeweza kukuambia urefu wa siku moja ya kungoja neno hilo. Yeye amelingoja tangu kabla yangu. Mimi ulinichelewesha, nikakusamehe kwa sababu ulikuwa mtoto. Yeye usimcheleweshe.

Mama yako